Kuwasha Mtambo Mdogo wa Umeme wa Maji na Kuuingiza kwenye Laini kwa Mkono: Mwongozo Kamili

Ujumbe ninaopata kutoka kwa mafundi vijana wa huku magharibi ni kama umeandikwa na mtu mmoja. Video fupi ya sinkroskopu (kipimo kinachoonyesha kama jenereta na laini vinakwenda pamoja), sindano inazunguka, halafu swali: "Fundi, nikibonyeza breka inashika kisha inaruka. Shida ni nini?" Nami huuliza maji yakoje. Wengi hunyamaza kidogo, kisha hujibu kwamba hawajafika kwenye banio (pale mto unapozuiwa ili maji yaingie kwenye bomba) tangu asubuhi.

Shida huanzia hapo. Karibu kila anayeshindwa kuingiza mtambo kwenye laini, yaani kufunga breka (swichi kubwa) inayounganisha jenereta na nyaya za gridi, anadhani ameshindwa na kidole, kumbe ameshindwa na mto. Maji yasipotulia kasi haitulii, na kasi isipotulia sindano haitatulia hata ungekuwa na mkono wa daktari wa upasuaji. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu iko nje ya chumba cha paneli.

Mtambo ninaouzungumzia ni wa aina unayokutana nayo kwenye mashamba ya chai ya Kericho na kando ya mito yetu: tabini (mashine inayozungushwa na maji) ya aina ya Francis, jenereta la 415 V lenye poli 8, mizunguko 750 kwa dakika, transfoma ya kupandisha hadi 11 kV. Kwenye mitambo mikubwa ya kisasa, ya daraja la Sondu Miriu (60 MW) au Turkwel (106 MW), kazi hii hufanywa na vifaa vinavyojiendesha, ila fizikia ni ile ile. Na kama jenereta lako ni la aina ya induksheni, lisilo na kidhibiti volti, acha kusoma hapa. Utaratibu wake ni tofauti.

Jambo moja kabla hatujaingia: kama bado uko atachi (mafunzo ya kazini), hatua ya 5 hadi ya 8 usifanye bila fundi mwenye leseni kando yako. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Kosa la sekunde moja hapa linaweza kukata bolti za kaplini, kiungo kinachoshikanisha tabini na jenereta.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Helmeti, buti zenye soli ya mpira, glavu za umeme za kiwango kinachofaa, na vizibo vya masikio.
- Tochi mbili. Ya simu haihesabiwi.
- Multimita ya kuaminika, yenye waya zisizochubuka, ya daraja la CAT III 600 V au zaidi.
- Mega (kipima insulesheni ya nyaya) ya 500 V.
- Kipima mfuatano wa fezi.
- Kipima joto, hata kile cha kuelekeza kwa mbali.
- Reki ya chujio, kamba na mkanda wa usalama.
- Kufuli zako na kadi zako zenye jina lako.
- Daftari la zamu na kalamu inayoandika.
- Redio au simu yenye chaji, pamoja na namba ya ofisi inayosimamia laini yenu.
- Kijitabu cha mtengenezaji. Namba ninazotaja hapa ni za kawaida kwa mitambo ya aina hii. Kijitabu chako kikisema vingine, fuata kijitabu.

## Hatua ya 1: Jua kwa nini mtambo ulizimika

Soma daftari la zamu iliyopita, kisha tazama rilei zenyewe, vile vifaa vya kinga vinavyozima mtambo vikiona hitilafu. Rilei iliyofanya kazi huacha alama: kibendera kimeanguka, au taa inawaka. Andika alama hiyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuifuta. Ukifuta kabla ya kuandika umechoma ushahidi, na usiku utakapojizima tena hutakuwa na pa kuanzia.

Mtambo uliozimwa kwa sababu isiyojulikana hauwashwi, hata meneja akipiga simu mara kumi.

Kama kulikuwa na ukarabati, hakikisha kila kibali cha kazi kimefungwa na aliyekifungua, na kila kufuli imetolewa na mwenyewe. Hesabu klempu za arthi: zilizotoka stoo lazima zilingane na zilizorudi kwenye misumari. Klempu moja iliyosahaulika kwenye basbaa (upao mnene unaobeba umeme ndani ya paneli) ni shoti inayokusubiri uwashe.

Kisha piga kelele ndani ya shimo la tabini na kwenye mfereji wa kutolea maji. Ndiyo, kelele. Vijana wa kijijini huvua samaki pale mtambo ukiwa kimya.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumweleza mwenzako kwa sentensi moja kwa nini mtambo ulisimama na kwa nini sababu hiyo haipo tena.

## Hatua ya 2: Nenda kwenye banio kwa miguu yako

Usitegemee mita ya kiwango cha maji iliyo ofisini. Kihisi kikishikwa na tope huonyesha namba nzuri huku chujio limezibwa.

Ukifika, tazama mambo matatu.

Chujio la vyuma. Mito yetu huleta mabua ya mahindi, majani ya miwa, matawi ya mikaratusi, na siku hizi chupa za plastiki na nepi. Linganisha kiwango cha maji mbele ya chujio na nyuma yake. Tofauti ikizidi upana wa kiganja, safisha kabla ya kuwasha. Sababu ni kwamba mtambo ukianza kuvuta maji mengi, uchafu hujibana zaidi, upande wa nyuma hushuka, na bomba huanza kunywa hewa.

Kimo cha maji juu ya mdomo wa bomba. Ukiona maji yanazunguka na kutengeneza kishimo katikati, hewa inaingia. Hewa hiyo itashuka hadi kwenye tabini, na utaiona kwenye geji ya presha ikitetemeka, halafu kwenye Hz ikipanda na kushuka, na mwisho kwenye sinkroskopu. Hapo ndipo watu hulaumu gavana. (Wa mtambo, kifaa kinachorekebisha kasi ya tabini, si wa kaunti.) Wanakaza skrubu zake, wanaharibu mpangilio uliowekwa na mtaalamu, na hewa bado inaingia palepale.

Rangi ya maji. Mvua ikinyesha vilimani mchana, huku chini unaweza kuona jua tu hadi jioni. Mlinzi wa banio akikupigia kukwambia, "Mto umegeuka rangi, kijana wangu," usimwambie angoje. Maji ya kahawia yana mchanga, na mchanga hula kingo za tabini na mihuri ya shafti inayozuia maji kuvuja. Fungua lango la kusafishia kidimbwi cha mchanga kwanza. Mto ukiwa umefura kabisa, afadhali mtambo ulale saa chache kuliko kununua gurudumu jipya.

Onyo: usiende kupiga reki peke yako, hasa usiku. Saruji ya pale ina ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni, na maji yanavuta kuelekea kwenye vyuma. Vaa mkanda, funga kamba, mwenzako asimame mahali anapokuona.

Umefaulu ikiwa: maji yamevuka kimo kilichowekwa alama, hayana kishimo kinachozunguka, na pande mbili za chujio karibu ziko sawa.

## Hatua ya 3: Jaza bomba kuu polepole

Kama bomba lilimwagwa, lijaze kupitia valvu ndogo ya pembeni. Usifungue valvu kuu huku upande mmoja una maji na mwingine hewa. Presha ya upande mmoja itaikandamiza mihuri, na maji yanayokimbilia mahali patupu yatagonga kwa nguvu inayoweza kupasua kiungo cha bomba.

Sikiliza valvu ya hewa iliyo juu ya bomba. Itapiga mluzi hewa ikitoka, kisha itatema maji kidogo na kunyamaza. Ikiendelea kupiga mluzi, bado kuna hewa. Subiri.

Geji ndiyo shahidi wako. Kila mita 10 za mteremko ni takriban ba 1. Kama mteremko wenu ni mita 60, geji ya chini maji yakiwa yamesimama isome karibu ba 5.9. Ikisoma 5.2, ama bomba halijajaa ama geji inadanganya, na katika hali zote mbili hujawa tayari.

Presha ya pande mbili za valvu kuu ikilingana, fungua valvu kuu hadi mwisho. Usiiache nusu ukidhani unapunguza maji. Kazi ya kupima maji ni ya vilango vinavyozunguka gurudumu la tabini. Valvu kuu iliyo nusu hutikisika na kujila yenyewe.

Umefaulu ikiwa: sindano ya geji imesimama tuli dakika tano nzima.

## Hatua ya 4: Oili, maji ya kupoza, breki na unyevu

Sehemu kubwa ya hatua hii ni ya macho tu, ila usiiruke.

Oili ya beringi iwe katikati ya kioo. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, usiwashe. Presha ya oili ya gavana iwe kwenye alama ya kijani. Maji ya kupoza yaonekane yakitoka, si valvu ionekane imefunguliwa tu. Breki ziwe zimeachia.

Ikiwa mtambo umelala siku kadhaa msimu wa masika, pima unyevu wa nyaya za jenereta kwa mega. Kwanza chomoa kidhibiti volti na vifaa vyote vya elektroniki, maana 500 V za mega zitaviua bila moshi wala harufu. Pima kati ya nyaya na bodi kwa dakika moja. Kwa majenereta ya chini ya 1 kV yenye insulesheni ya kisasa, ninataka kuona zaidi ya megaomu 5. Chini ya hapo washa hita za jenereta, ulikaushe, upime tena. Ukimaliza kupima, gusisha nyaya kwenye arthi zimalize chaji kabla ya kuzishika.

## Hatua ya 5: Zungusha, kisha sikiliza

Fungua vilango kidogo tu, kiasi cha kuliamsha gurudumu. Liache lizunguke polepole, weka fimbo ya kusikilizia kwenye nyumba ya beringi, upande wa pili sikioni. Mlio mzuri ni mnono na wa sauti moja. Mlio wa kukwaruza, au kugonga kunakorudi kila mzunguko, ni amri ya kuzima.

Kukiwa shwari, panda taratibu hadi mizunguko 750. Bila mzigo, vilango huwa vimefunguka kidogo sana, mara nyingi karibu asilimia 10 hadi 20. Jizoeze kukumbuka namba ya mtambo wako. Siku itakapohitaji kufunguliwa zaidi ili kufikia kasi ile ile, kuna kitu kimeziba au kimekwaruza.

Onyo: mtambo usio na mzigo hauna kinachoushikilia. Tabini ya Francis ikiachiwa inaweza kufika kati ya mara 1.6 na mara 2 ya kasi yake, yaani hadi mizunguko 1,500 kwa huu wetu. Hakikisha swichi ya kuzima kwa kasi kubwa ilijaribiwa na tarehe imeandikwa.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi huikimbia. Simama mbele ya mita ya Hz bila kugusa chochote, dakika tatu kamili. Mita ibaki kati ya 49.9 na 50.1. Ikipanda hadi 50.4 na kushuka hadi 49.6 kwa mwendo wa kujirudia, hatua ya 7 itakushinda. Usiendelee. Rudi kwenye geji ya presha: kama nayo inacheza kwa mwendo huo huo, tatizo ni maji, rudi hatua ya 2. Kama geji imetulia na Hz inacheza, tazama mikono ya vilango. Pini zilizolika hufanya gavana isogeze mkono huku vilango havisogei, kisha vinasogea kupita kiasi. Ni baada ya hayo tu ndipo unamwita mtaalamu wa gavana.

Joto la beringi litapanda haraka nusu saa ya kwanza, kisha mstari ulale. Mitambo mingi huwekewa kengele kati ya nyuzi 65 na 75 za Selsiasi. Kinachonitisha zaidi ya namba ni mstari usiolala. Beringi iliyo nyuzi 55 na bado inapanda kwa mwendo ule ule ni mbaya kuliko iliyotulia 62.

## Hatua ya 6: Washa usumaku

Washa usumaku wa jenereta (mkondo unaolishwa kwenye rota ili jenereta litoe volti) baada ya kasi kupita asilimia 95, si kabla. Kidhibiti volti hakijui kwamba mashine inazunguka polepole. Kitasukuma mkondo zaidi na zaidi kutafuta 415 V, na chuma pamoja na nyaya za rota zitapata moto.

Pima volti kati ya jozi zote tatu za fezi. Zikaribiane. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, zima usumaku na utafute fyuzi ya kipimo iliyoungua kabla ya kulaumu jenereta.

Volti zisipopanda kabisa, huenda jenereta limepoteza usumaku wake wa akiba. Hurudishwa kwa betri ya 12 V na dayodi, lakini anayefanya hivyo awe ameshafanya hivyo mbele ya mkubwa wake.

## Hatua ya 7: Kuingia kwenye laini

Kwanza piga simu kwa wanaosimamia laini, upate ruhusa, uandike saa na jina la aliyekuruhusu. Pengine kuna mafundi juu ya nguzo. Laini ambayo mita yako inaonyesha haina stima huenda ina mtu ameishika.

Masharti ni manne.

1. Mfuatano wa fezi (mpangilio wa nyaya tatu za umeme) uwe sawa. Huu haubadiliki wenyewe, lakini hubadilika mtu akigusa kebo. Baada ya ukarabati wowote wa kebo, transfoma au breka, upime upya.
2. Volti zikaribiane, tofauti isizidi asilimia chache. Rekebisha kwa usumaku.
3. Hz zikaribiane, jenereta likiwa juu kidogo ya laini. Rekebisha kwa vilango.
4. Pembe ilingane, yaani mawimbi ya umeme ya jenereta na ya laini yafike kileleni pamoja. Hii ndiyo inayoonyeshwa na sinkroskopu.

Kwa nini jenereta liwe na kasi kidogo zaidi? Mtazame kondakta anavyodandia matatu stendi ya Kisumu: hukimbia kuelekea inakokwenda. Jenereta linaloingia likiwa nyuma ya laini huvutwa na laini, linageuka kuwa mota, na rilei ya nguvu ya kinyume inalikata mara moja. Hilo ndilo jibu la nusu ya zile video.

### Kusoma sindano

Sindano ikizunguka kuelekea upande wa haraka, jenereta liko mbele. Hesabu sekunde za mzunguko mmoja:

- Sekunde 5 kwa mzunguko: tofauti ni 0.2 Hz. Bado ni haraka mno.
- Sekunde 10: tofauti ni 0.1 Hz. Hapa panatosha.
- Sekunde 20: 0.05 Hz. Pazuri zaidi, lakini inahitaji subira.

Acha ipite juu kabisa, pale saa sita, mara tatu bila kubonyeza. Ikipita kwa mwendo ule ule mara zote tatu, una mtambo uliotulia. Ikikimbia mara ya kwanza, ikachechemea ya pili, ikarudi nyuma ya tatu, ondoa mkono kwenye swichi. Usiifukuze sindano kwa vilango. Kila unapogusa unaongeza wimbi jipya ndani ya bomba, na wimbi hilo litakurudia sekunde chache baadaye.

### Lini kubonyeza

Si saa sita kamili. Mkono wa binadamu huchelewa kama robo sekunde, na breka nayo huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kufunga. Sindano inayozunguka kwa sekunde 10 husafiri nyuzi 36 kila sekunde, kwa hiyo katika ucheleweshaji huo imesogea nyuzi 12 au 13. Kwenye uso wa saa, hizo ni alama mbili za dakika. Bonyeza sindano ikiwa alama mbili kabla ya kufika juu, nayo breka itafunga ikiwa juu. Kwa sindano ya sekunde 20, alama moja inatosha.

Ukikosa, kosa. Itazunguka tena. Kubonyeza sindano ikiwa imeshapita, ukitumaini kuiwahi, ndiko kunakovunja mitambo.

### Makatazo

Usishikilie swichi ya kufunga huku ukingoja sindano ifike. Usizungushe waya kukwepa rilei ya kukagua ulinganifu, hata kama fundi mkubwa alikuonyesha jinsi. Rilei hiyo inakataa kwa sababu. Na usiiamini sindano iliyosimama tuli saa sita. Inaweza kuwa imelingana, na inaweza kuwa imekufa. Ongeza kasi kidogo uione ikitembea kwanza.

Breka ikifungwa huku pembe ni nyuzi 180, mkondo unaweza kuzidi ule wa shoti. Shafti hupigwa kwa nguvu ambayo haikuundiwa, na nyaya ndani ya jenereta husogea mahali pake.

### Kama huna sinkroskopu

Vituo vingine vya zamani hutumia taa tatu zinazounganisha kila fezi ya jenereta na fezi mwenzake ya laini. Taa zote tatu zikiwaka na kuzimika pamoja, mfuatano ni sawa. Zikiwaka kwa zamu kama zinazunguka, mfuatano si sawa, na hapo hakuna kubonyeza hadi kebo mbili zibadilishwe.

Bonyeza katikati ya giza. Kwa nini katikati? Balbu ya uzi huzimika machoni mwako huku bado kuna volti nyingi juu yake. Kumbuka pia kwamba balbu iliyoungua nayo ni giza: hakikisha zote zimewaka kwanza. Kila fezi inaweza kupata karibu 480 V pembe zikipingana, ndiyo maana huwekwa balbu mbili mfululizo. Za LED hazifai hapa, zina tabia zake.

Umefaulu ikiwa: breka imeshika kwa mlio mmoja, mtambo haujatikisika, mita ya kW imesogea kidogo upande wa juu, na taa za ofisini hazikupepesa.

## Hatua ya 8: Chukua mzigo mara moja, kisha usiharakishe

Usisherehekee kwanza. Ndani ya sekunde chache ongeza vilango upate karibu asilimia 10 ya mzigo, ili rilei ya nguvu ya kinyume isikukate.

Sasa sheria zimebadilika. Kabla ya breka, kufungua vilango kuliongeza kasi na kuongeza usumaku kuliongeza volti. Baada ya breka, laini ndiyo inashika kasi na volti. Vilango sasa huongeza kW (nguvu inayofanya kazi), na usumaku huongeza kVAr (nguvu isiyofanya kazi, inayohusiana na volti). Atachi wengi huona volti ziko juu kidogo, wanapunguza usumaku, hazishuki, wanapunguza tena, hadi jenereta linateleza kutoka kwenye laini. Tazama mita ya pawa fakta (uwiano wa kW na nguvu yote), uiweke pale mkataba wenu unapotaka.

Panda kwa hatua. Tabini nyingi za Francis hutetemeka zikiwa na mzigo wa katikati, takriban asilimia 30 hadi 60, kwa sababu maji yanayotoka huzunguka kama kamba ndani ya bomba la kutolea. Pita hapo, usikae hapo. Kama mto hautoshi kuvuka, afadhali kushuka chini ya eneo hilo.

Mzigo wa mwisho huamuliwa na mto, si na meneja. Kwa mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, mteremko wa mita 60 na ufanisi wa asilimia 80, unapata karibu 470 kW. Hakuna skrubu itakayokupa 600. Hata Sondu Miriu, ambayo haina ziwa kubwa la kuhifadhi maji, huzalisha kulingana na mto unavyoleta, na maji yakitoka pale ndiyo yanaendelea kuzungusha mitambo ya Sang'oro. Wewe vilevile: kiwango cha banio kikianza kushuka, umechukua kuliko kinacholetwa. Punguza. Na yale maji mliyopangiwa kuacha mtoni kwa wakazi wa chini yaachwe hata Februari.

## Breka imeshika kisha ikaruka: pa kuanzia

Iliruka papo hapo, rilei ya nguvu ya kinyume. Uliingia ukiwa nyuma ya laini, au ulichelewa kufungua vilango. Rudia hatua ya 7 ukiwa na sindano ya upande wa haraka.

Iliruka kwa kishindo, rilei ya mkondo mkubwa. Usirudie. Pembe au mfuatano haukuwa sawa. Kagua kaplini, pima nyaya kwa mega, kisha mfuatano wa fezi.

Haikushika kabisa. Mara nyingi ni rilei ya ulinganifu inakataa, au springi ya breka haijachajiwa. Tazama alama ya springi kabla ya kutafuta kitu kigumu.

Ilishika, ikakaa dakika kadhaa, ikaruka. Tazama kiwango cha maji kwanza. Chujio limeziba tena, kwa kawaida.

Laini yenyewe ilikatika. Radi za alasiri huku Kisumu, Kakamega na Kericho zimezoeleka. Mtambo utapoteza mzigo ghafla na kasi kupanda. Acha ujizime. Usirudishe stima kwenye laini iliyokatika bila simu, hata kama kijiji kizima kinakupigia makelele.

## Kuzima kwa utaratibu

Punguza vilango hadi mzigo ukaribie sifuri, punguza usumaku hadi kVAr zikaribie sifuri, ndipo ufungue breka. Ukifungua breka mzigo ukiwa umejaa, kasi hupaa, presha ya bomba hupanda, na mguso wa breka huungua kidogo kila mara.

Zima usumaku, funga vilango, acha kasi ishuke hadi kama theluthi moja, kisha weka breki. Breki zikiwekwa kwenye kasi kamili huungua, na vumbi lake huingia kwenye jenereta. Maji ya kupoza yaendelee kupita hadi beringi zipoe. Ukijua mtambo utalala zaidi ya siku mbili, washa hita za jenereta kabla ya kutoka, na uandike kwenye daftari kwamba zinawaka, ili wa zamu ijayo asizizime akidhani umesahau.